Lenzi Fupi

Bryson alizipanga lenzi tatu juu ya kioo cha kabati la duka lake, akasogea nyuma kidogo na kukunja mikono. Ya kwanza ilikuwa ile iliyokuja pamoja na kamera, nyepesi, ya plastiki, inayoweza kuingiza watu wengi kwa mara moja. Ya pili ilikuwa ndefu kama chupa ya chai, ya kuvuta vitu vya mbali. Ya tatu ilikuwa fupi, imekaa pembeni kama kifuniko tu cha kitu kingine.

"Chagua, dada," alisema. "Kamera yenyewe tumeshamalizana. Hapa kwenye lenzi ndipo watu wengi wanapokosea."

Erica alizitazama zote tatu asiguse hata moja. Nyuma yake, kwenye benchi la wateja, mama mkwe wake Severina alikuwa amekaa huku amekumbatia mkoba. Mume wake Kasian alisimama mlangoni akiwatazama abiria wa basi la asubuhi wakishuka, wagonjwa wakishikwa mikono, wote wakielekea njia ya hospitali ya Haydom. Walikuwa wametoka Maretadu kulipopambazuka. Wiki iliyotangulia walikuwa wamemuuza mnadani mmoja wa maksai wao wawili. Yule aliyebaki asingeweza kuvuta plau peke yake, na kila mtu pale nyumbani alijua kwamba mvua zikianza hazitamsubiri mtu ajifunze kupiga picha.

Bryson alipoona Erica hasemi, akamgeukia Kasian. "Shemeji, mwambie mke wako achukue hii ndefu. Akitokea nayo kwenye sherehe, watu wenyewe wanampisha. Wanajua mpiga picha amefika."

"Anayepiga ni yeye," Kasian alisema.

"Najua. Lakini mwambie."

Severina alinyoosha shingo. "Hiyo ndefu ndiyo yenyewe? Maana hiyo ndogo, mtu akija kuniuliza ng'ombe wangu yuko wapi, nitamwonyesha nini?"

Bryson akacheka. Erica hakucheka. Alikuwa akikumbuka kipaimara cha mwezi wa nane, alipoazima kamera ya mwalimu mmoja iliyokuwa na lenzi kama ile ya kwanza, akapiga picha ndani ya kanisa lenye madirisha madogo. Zilipochapishwa, nyuso za watoto zilikuwa zimeyeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji. Mama yake Patriki alimfuata hadi kwenye mashine ya kusaga, akampa picha yake mbele ya foleni nzima. "Huyu ni mwanangu au ni moshi?" aliuliza, na watu wenye madebe ya mahindi wakainama kucheka. Tangu siku hiyo Erica alikuwa akisaga kijiji cha pili.

"Ipi inaona penye giza?" aliuliza.

Bryson akaigusa ile fupi. "Hii. Mdomo wake ni mpana, inaingiza mwanga mwingi. Kanisani hata bila flashi utaona machozi ya bibi harusi. Lakini haivuti wala haipanui. Ukitaka watu waingie wengi, urudi nyuma mwenyewe kwa miguu yako."

"Nitarudi nyuma."

Walipohesabu, fedha haikufika. Bryson akasema angeweza kuichukua lenzi ya kwanza kama nyongeza, na biashara iishe. Kasian akamvuta mke wake karibu na mlango.

"Hatuwezi kubaki na hiyo ya kwanza, hii fupi tukaja kuinunua baadaye?"

"Harusi ya Doris ni kanisani, Kasian. Nikirudia yale ya kipaimara, sitashika kamera tena."

Kasian aliitazama sura ya mke wake kwa muda. "Sawa. Wewe ndiye unayejua."

Maneno hayo yalisemwa kwa upendo, lakini Erica alitoka nayo dukani yakiwa mazito kuliko kamera yenyewe.

*

Doris alikuwa nesi aliyepanga chumba Haydom, nyumba moja na binamu wa Erica. Kwao ilikuwa Endasak, kwenye miteremko ya mlima Hanang, na alikuwa akiolewa na kijana wa Singida. Alikuwa amelipa nusu ya fedha ya picha, nyingine ingelipwa picha zikifika. Erica alisafiri Ijumaa kwa basi linalopita Basotu kwenda Katesh, kisha pikipiki, begi la kamera akiwa amelipakata kifuani kama mtoto mwenye homa.

Asubuhi ya harusi, mwenyekiti wa kamati, mtu mmoja mrefu aitwaye Vicent, alimkuta akifuta lenzi kwa kitambaa.

"Dada, vifaa vingine viko kwenye begi?"

"Vifaa ndivyo hivi."

"Hiyo tu?" Vicent akawageukia wanakamati wenzake. "Mwaka jana kwa shemeji yangu alikuja mtu na lenzi kama bomba la maji. Haya, tusiharakishe kusema."

Mawingu yalikuwa yameufunika mlima tangu alfajiri, na ndani ya kanisa kulikuwa na kiza cha mvua. Padri alikuwa ameshasema hataki flashi madhabahuni. Erica alipiga magoti kando ya benchi la mbele, akabonyeza mara ya kwanza akiwa karibu kufumba macho. Kisha akatazama kioo cha nyuma ya kamera. Doris alikuwa pale, mzima, na chozi lililosimama juu ya shavu lilionekana hadi mng'ao wake. Erica akapumua. Akapiga pete, akapiga mikono, akapiga mama wa bibi harusi akiuma mdomo ili asilie. Vicent alipita nyuma yake akachungulia.

"Eh," alisema. "Kumbe."

Kuanzia hapo akaacha kumwita dada, akamwita mpiga picha. Erica akafurahi kupita kiasi kwa neno dogo kama hilo.

Nyumbani kwa Mzee Tomaso, baba wa bibi harusi, uwanja ulikuwa umejaa watu. Doris alimshika Erica mkono kabla hata hajakaa.

"Nina ombi moja. Unamwona babu yule?"

Mlangoni mwa nyumba ndogo ya pembeni alikaa mzee mwenye koti la rangi ya udongo, fimbo katikati ya magoti. Alikuwa Mzee Akonaay, baba yake Tomaso. Miguu ilikuwa imemkataa, hakuweza kufika kanisani.

"Ameomba kitu kimoja tu kwenye harusi hii," Doris alisema. "Picha na sisi wote. Watoto wake, wajukuu, vitukuu. Leo wapo hata wa Dodoma. Hatujawahi kukaa naye wote mahali pamoja, na sijui kama tutakaa tena."

"Hakuna shida," Erica alisema.

Shida aliiona pale watu walipoanza kupangwa. Uwanja ulikuwa mwembamba, umebanwa kati ya nyumba na zizi, na upande aliosimama yeye kulikuwa na ua wa minyaa, nyuma yake korongo. Vicent aliwapanga watu kwa sauti kubwa: maharusi katikati, wazazi, wajomba wa bwana harusi, wanakamati wakajipenyeza, kisha wana wa ukoo wakamalizia huku na huku. Kila mtu alipokwisha kusimama ndipo mmoja akamkumbuka babu. Mzee Tomaso mwenyewe akaenda na kijana mwingine, wakambeba baba yake na kiti chake, na kwa kuwa hakuna aliyetaka kuwasogeza wageni, wakamweka mwisho kabisa wa mstari, mkono wa kushoto.

Erica akaweka jicho kwenye kamera. Aliona nusu ya watu. Akarudi nyuma. Aliona wengi zaidi kidogo. Akarudi tena, hadi matawi ya minyaa yakamgusa shingoni na mguu mmoja ukahisi udongo wa ukingo wa korongo ukimomonyoka. Bado.

"Sogeleaneni!" alisema.

Wakasogeleana, wakicheka, mabega yakipandana. Bado pande zote mbili zilikuwa nje, na upande wa kushoto kiti cha mzee hakikuwamo.

"Mpiga picha, vipi?" Vicent akaita. "Watu wana njaa!"

Mfukoni alikuwa na simu. Simu ingewachukua wote, hadi na zizi. Lakini kutoa simu mbele ya watu hawa, mbele ya Vicent na wanakamati waliokwisha kuitazama lenzi yake asubuhi kwa jicho lile! Kungekuwa pia na njia nyingine, kuwaambia wajomba wa bwana harusi wapishe, mzee aletwe katikati. Alimfikiria mama yake Patriki na foleni ya mashineni. Alimfikiria maksai aliyebaki, amesimama peke yake zizini. Akafungua mdomo.

"Tayari?" Vicent aliuliza.

"Tayari," Erica alisema, akabonyeza.

Watu wakatawanyika kuelekea kwenye chakula. Kule mwisho wa mstari Mzee Akonaay aliendelea kukaa vilevile, ametulia, macho kwenye kamera, hadi walipokuja kumbeba.

*

Severina alikuwa akipepeta maharage uani siku Erica alipoamua kumwonyesha picha. Alikuwa amezificha kwa siku kadhaa kwa kisingizio cha betri. Mama mkwe alijifuta mikono kwenye kitenge, akaisogelea kamera.

"Ona macho ya bibi harusi! Huyu hapa analia. Na huyu mama, maskini." Alifurahi kama mtoto. "Basi hii ndogo si mbaya. Nenda mbele."

Erica akaenda mbele. Ikatokea ile ya uwanjani. Severina akaitazama kwa makini, akitembeza kidole hewani kutoka uso mmoja hadi mwingine. Kikafika ukingoni, kikasimama.

"Na huu mkono ni wa nani?"

Pembeni kabisa kulikuwa na kipande cha mkono wa koti na kiganja kikongwe kilichoshika fimbo.

"Ni wa babu wa bibi harusi."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nje."

"Nje ya nyumba?"

"Nje ya picha, mama."

Severina akauweka ungo chini. "Yeye alijua kwamba hayumo?"

"Hakujua." Sauti ya Erica ilikuwa ndogo. "Mimi nilijua."

Kuku walisogea kwenye maharage na hakuna aliyewafukuza. Kasian akaingia uani wakati huohuo, ametoka kwa jirani yao Festo, ambaye naye alibaki na maksai mmoja baada ya mwenzake kufa.

"Festo amekubali tuwafunge pamoja," alisema, akikaa chini. "Lakini tunaanza shamba lake. Na atakayeshika plau ni mimi, kwake na kwetu."

Hakumtazama mke wake wala kamera. Erica angependa agombe, apige hata teke ndoo, lakini Kasian aliomba maji tu, akanywa.

"Mpigie simu bibi harusi," Severina alisema. "Mpigie kabla hajaziona mwenyewe."

"Mama, hawatamalizia malipo."

"Wasimalizie. Mimi nimemuuza maksai, sikumuuza ili twende kuwakata wazee wa watu."

Doris alipokea akiwa Singida, kwa sauti ya mtu mwenye furaha mpya. Erica akasema yote kwa pumzi moja.

"Dada Erica," Doris alisema. "Uliniambia hakuna shida."

"Nilikuambia."

"Wakati unabonyeza, ulikuwa unaona kwamba babu hayumo?"

"Nilikuwa naona."

Alimsikia akivuta pumzi. "Kila siku anamuuliza baba kama picha imefika. Kila siku. Sasa baba amwambie nini? Nusu iliyobaki usiitegemee, dada, nakwambia ukweli."

"Siitegemei. Naomba niende kwa babu."

"Ukafanye nini? Sisi tumeshatawanyika."

"Nimwambie mwenyewe."

Doris alisema tu kwamba mume wake anamwita, akakata.

*

Kabla ya safari Erica alipita kwa Bryson. Lenzi ya kwanza ilikuwa imeshauzwa, wiki ileile.

"Lakini nilikuambia utarudi nyuma," Bryson alisema.

"Nilirudi. Nyuma yangu kulikuwa na korongo."

Bryson alikuwa ameanza kutabasamu, akaacha. Akasema ataulizia nyingine Arusha, ila hawezi kuahidi lini. Erica akaondoka na ile fupi.

Endasak mvua ilikuwa imenyesha mara moja na watu wengi walikuwa shambani. Mzee Tomaso alikuwa uwanjani akinoa jembe kwa tupa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Hakuinua kichwa. "Doris ameniambia. Umefuata nini?"

"Naomba kumsalimia babu."

Tomaso akaendelea kunoa. Hakuna aliyemletea kigoda. Erica alisimama pale na begi lake begani kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu kumsimamisha mgeni, hadi sauti ikatoka ndani ya nyumba ndogo, "Ni nani huyo?" Tomaso akaonyesha kwa tupa kwamba apite.

Mzee Akonaay alikuwa amekaa mlangoni kwake, koti lilelile. Erica akainama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Wewe si ndiye wa picha? Umeileta?"

"Nimeileta, lakini wewe haumo, babu. Lenzi yangu haikuwatosha watu wote. Niliona kwamba umebaki nje, nikaona aibu kusema, nikapiga hivyo hivyo. Nimekuja kukuomba msamaha."

Mzee alinyoosha mkono. Erica akampa kamera, akaiwasha. Mzee aliisogeza karibu na jicho moja, karibu kabisa, kama mtu anayetafuta mchanga ndani ya wali.

"Huyu Doris," alisema polepole. "Huyu wa Dodoma, amenenepa. Huyu simjui. Huyu simjui. Huyu naye simjui." Akafika mwisho. "Na mkono huu?"

"Ni wako."

Akautazama mkono kwenye kioo, kisha akautazama ule ulioshika fimbo. Alipozungumza tena, hakuzungumza na Erica.

"Tomaso."

Tomaso akaja, jembe mkononi.

"Kiti changu siku ile alikibeba nani?"

"Mimi, baba."

"Hawa nisiowajua walikuwa katikati. Mimi ukanipeleka mwisho."

"Wageni walikuwa wameshajipanga, baba. Nilihisi vibaya kuwaondoa."

"Ulihisi vibaya," mzee alirudia, bila hasira. "Na huyu naye alihisi vibaya. Mimi nilikaa pale najua nimo."

Tomaso akaliegemeza jembe ukutani. Akamwita mke wake atoe kigoda cha mgeni na chai. Erica hakukaa.

"Babu, waliopo hapa nataka niwapige mmoja mmoja pamoja na wewe. Hapo ulipokaa. Kwa watu wawili lenzi hii inatosha."

Wakaitwa. Tomaso akawa wa kwanza, alichuchumaa kando ya baba yake na mzee akamkamata kifundo cha mkono kana kwamba angekimbia. Mwanga wa mlangoni ulikuwa laini, na lenzi fupi ikauchukua wote: mikunjo ya paji la uso, vumbi la tupa kwenye nyusi za Tomaso, na pua zao mbili ambazo Erica hakuwa ameona kwamba ni pua moja. Mke wa Tomaso akaja amevaa kitenge cha siku ile ya harusi. Wajukuu wakatoka shambani na matope miguuni, wakataka kwenda kunawa, mzee akakataa. Kila mmoja, mzee alimshika kifundo cha mkono vilevile, na kila mmoja alipoondoka mzee alimfuata kwa macho.

"Malipo," Tomaso alisema kwa sauti ya chini walipokuwa wakisubiri mtoto wa mwisho, "tutazungumza nikiziona hizi zimechapishwa."

"Sawa, mzee."

Walipokwisha, Mzee Akonaay alibaki amekaa. "Bado Doris."

"Doris yuko Singida, baba."

"Najua aliko. Leteni kile kigoda."

Wakakileta kigoda ambacho Erica hakukikalia. Mzee akaelekeza kwa fimbo mahali pa kukiweka, ubavuni kwake.

"Krismasi atakuja akae hapa. Na wa Dodoma wamesema watakuja. Wote."

Erica alikuwa ameshainua kamera, akaishusha.

"Babu, wakija wote, lenzi hii haitawatosha. Nakwambia mapema. Siwezi kuwachukua wote kwa hii."

Tomaso alimgeukia, akamtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Si utakuwa na nyingine?" mzee aliuliza.

"Sijui kama nitakuwa nayo. Nisipokuwa nayo nitapiga kwa simu, na picha itakuwa ya simu."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Ya simu ni ya simu. Mradi niwemo na nisikae na watu nisiowajua. Haya, piga hii."

Akageuka kukitazama kigoda. Erica akasubiri.

"Babu, angalia huku kwangu."

"Siangalii huko," Mzee Akonaay alisema, mkono wake ukishuka taratibu juu ya kigoda kitupu. "Namwangalia mjukuu wangu. Piga."

Erica akapiga.